Mgawo wa Chombo na Kikomo cha Mishahara

Kila mwaka, msimu wa kandanda unapofika katikati, vilabu vyetu hufunguliwa dirisha dogo la usajili. Kwa majuma machache habari za nani kahama na nani kaachwa huenea barazani na madarasani kuliko habari za mechi zenyewe. Wanafunzi wetu huweza kutaja bei ya mshambuliaji mmoja, ya kweli au ya uvumi, pasipo kusita. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza: klabu iliyomsajili ina mapato gani kwa mwaka, na itaweza kumlipa kwa miezi mingapi?

Maoni ya makala hii ni kwamba swali hilo ni la hesabu kabla ya kuwa la michezo. Tena jawabu lake linaweza kutazamwa mahali pawili: katika mchezo wa mbali ambao wengi wetu hatujapata kuuona, na katika pwani ya Mkokotoni, kaskazini ya kisiwa cha Unguja.

Kikomo katika hoki ya barafu

Hoki ya majani si ngeni kwetu. Kenya ilishika nafasi ya 6 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na Tanzania ilicheza katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hoki ya barafu ni ndugu yake, ila wachezaji huteleza kwa viatu vyenye vyuma. Ligi yake kubwa kuliko zote, NHL, ina timu 32 za Marekani na Kanada. Timu hizo haziuziani wachezaji kwa fedha kama ilivyo katika kandanda. Aghalabu hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa haki ya kuchagua vijana wapya miaka ijayo. Mabadilishano hayo yana siku ya mwisho, ambayo kwa kawaida huwa mapema mwezi Machi. Na juu ya yote kuna kikomo cha mishahara, yaani jumla ya malipo ambayo timu hairuhusiwi kuivuka.

Utaratibu huo haukupatikana kwa wepesi. Msimu mzima wa 2004/05 ulifutwa kwa sababu ya mgogoro baina ya wenye timu na chama cha wachezaji. Msimu uliofuata kikomo kilianza kutumika, nacho kilikuwa dola milioni 39 kwa kila timu. Kwa msimu wa 2025/26 kimewekwa dola milioni 95.5. Kiasi hicho hakipangwi kwa kubahatisha. Katika mkataba wa mwaka 2013 pande mbili zilikubaliana kwamba mapato yatokanayo na mchezo yagawanywe nusu kwa nusu baina ya wenye timu na wachezaji. Na kwa kuwa mapato kamili hayajulikani mpaka msimu uishe, sehemu ya mishahara huwekwa amana, kisha hesabu hupatanishwa baadaye.

Mgawo wa Mkokotoni

Msomaji wa pwani atautambua utaratibu huo mara moja, maana ndio anaoishi nao. Chombo kinaporudi Mkokotoni, au ng'ambo yake Tumbatu, hakuna baharia aliyeahidiwa kabla ya kuondoka kwamba atapata shilingi kadha wa kadha. Samaki huuzwa, gharama za safari, kama vile mafuta, barafu na chakula, huondolewa kwanza, kinachobaki hugawanywa mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mabaharia wana mafungu yao. Idadi ya mafungu hutofautiana kutoka chombo hadi chombo, lakini msingi ni ule ule: malipo hufuata mapato. Bahari ikitoa kingi, wote hupata zaidi. Ikinyima, hakuna anayedaiwa mshahara ambao haukupatikana.

Yafaa kuangalia pia jambo la pili. Mgawo huo hufanyika mbele ya waliovua. Kila baharia ameona samaki waliopatikana, na aghalabu ameisikia bei iliyouziwa. Bila ya uwazi huo mgawo ungegeuka kuwa ugomvi. Hilo ndilo lililowachukua watu wa hoki msimu mzima kulikubali: huwezi kumwekea mfanyakazi kikomo cha malipo huku umemficha daftari la mapato.

Hesabu ya siku

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, kwani ina mafunzo mema kwa darasa. Katika ligi ile mshahara wa mchezaji huhesabiwa kwa siku alizokuwamo timuni. Tuchukue, kwa mfano tu, msimu wa siku 180. Timu moja imebakiza nafasi ya dola milioni 1 chini ya kikomo, nayo haiigusi kwa siku 140. Siku 40 zilizobaki zina milioni ile ile yote ya kutumia, yaani dola 25,000 kwa siku. Mchezaji anayelipwa dola 25,000 kwa siku ni yule ambaye mshahara wake wa msimu mzima ni 25,000 mara 180, yaani dola milioni 4.5. Hivyo aliyejizuia tangu mwanzo anaweza, siku ya mwisho ya mabadilishano, kumchukua mchezaji ambaye mwanzoni asingeweza hata kumwaza.

Kwetu sisi hesabu hiyo mara nyingi huenda kinyume. Tuseme mfadhili ameipa klabu ndogo shilingi milioni 30 katika dirisha dogo. Klabu inasajili wachezaji 3 kwa mikataba ya miezi 24, kila mmoja shilingi milioni 1 kwa mwezi. Ahadi iliyotiwa saini ni shilingi milioni 72. Fedha zilizopo zitakwisha baada ya miezi 10. Deni la milioni 42 lilizaliwa siku ile ile watu walipokuwa wakishangilia.

Uchaguzi wenyewe nao una hesabu yake. Tuseme kikomo ni milioni 10. Mchezaji wa kwanza anataka milioni 6, na ubora wake tumeupa alama 13. Wengine wawili wanataka milioni 5 kila mmoja, na kila mmoja ana alama 10. Ukimtwaa nyota kwanza, unabaki na milioni 4 zisizonunua kitu, na alama zako ni 13. Ukimwacha, unapata alama 20. Kwa wachezaji 20 wanaotafutwa, njia za kuchagua ni 2 kwa kipeo cha 20, yaani 1,048,576. Wanahisabati wamelishughulikia tatizo la namna hii kwa miaka mingi, nalo huhusu pia upakiaji wa mizigo na ugawaji wa bajeti.

Kikomo chenye tundu

Tusidhani kwamba sheria ya wenzetu haina dosari. Mwaka 2021 timu ya Tampa Bay Lightning ilitwaa Kombe la Stanley huku mishahara ya wachezaji wake ikivuka kikomo kwa takriban dola milioni 18. Haikuvunja sheria. Mchezaji wake Nikita Kucherov alikuwa amepasuliwa nyonga, na sheria iliruhusu timu kuvuka kikomo kwa ajili ya majeruhi wa muda mrefu. Alirejea michezo ya mtoano ilipoanza, wakati kikomo kilikuwa hakihesabiwi tena. Tundu hilo limezibwa kwa kanuni mpya kuanzia msimu wa 2025/26. Hapa kuna fundisho kwa kila mtunga sheria: watu hufuata kile kinachopimwa, na katika siku kinapopimwa.

Sisi tumepima nini? Ligi Kuu ya Tanzania Bara, katika misimu ya karibuni, imeweka kikomo cha wachezaji 12 wa kigeni kwa kila klabu. Hicho ni kikomo cha vichwa. Hakisemi lolote juu ya fedha. Klabu inaweza kukitimiza kikamilifu huku haijawalipa wachezaji wake kwa miezi kadhaa. Na vilabu kadhaa vya nchini vimekwisha kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madai ya aina hiyo. Mchezaji kutoka nje aghalabu ana wakala anayeijua njia ya kupeleka mashtaka. Kijana aliyetoka Mkokotoni na kwenda kujaribu bahati yake mjini hana wakala, na mara nyingi hana hata nakala ya mkataba wake. Yeye ndiye anayebeba deni la dirisha dogo.

Kwa hiyo naona kwamba mamlaka za soka za Bara na Visiwani zingefaa kuweka kikomo cha mishahara kilichofungwa na mapato ya kila klabu yaliyokaguliwa. Shirikisho la Ulaya limekwisha kufanya hivyo: gharama za kikosi zisizidi asilimia 70 ya mapato ya klabu. Wengi wanakumbuka jinsi Lionel Messi alivyoondoka Barcelona mwezi Agosti 2021 kwa kuwa klabu hiyo haikuweza kumsajili tena ndani ya vikomo vya fedha. Jina kubwa halikuishinda hesabu.

Wapo watakaosema kwamba kikomo cha namna hiyo kitawadumaza wadogo, kwani mwenye mapato makubwa ataruhusiwa kutumia zaidi. Hoja hiyo ina uzito. Watu wa hoki waliijibu kwa kuweka kiwango kimoja kwa timu zote, na kwa kuzitaka timu tajiri zichangie maskini. Sisi hatujafikia hapo. Lakini klabu ndogo haikui kwa kuruhusiwa kuahidi isichonacho. Wengine watasema kwamba kikomo huwapunja wachezaji. Ni kweli, iwapo daftari limefichwa. Ndiyo maana sharti la kwanza liwe kuchapisha hesabu za klabu kila mwaka, na la pili liwe kila mchezaji kupewa nakala ya mkataba kwa lugha anayoielewa.

Walimu wa hisabati hawana haja ya kungoja mamlaka. Dirisha dogo lijalo, wape wanafunzi klabu ya kubuni, mapato ya mwaka, orodha ya wachezaji 8 na bei zao, kisha watafute kikosi bora kisichozidi asilimia 70 ya mapato hayo kwa muda wote wa mikataba. Na wale walio karibu na pwani waende pia kuuliza mgawo wa chombo unavyofanywa, wauandike kwa sehemu na asilimia, na wamuulize nahodha kwa nini fungu la nyavu ni kubwa au dogo kiasi kile.