Kazi yenu ya kwanza muliipataje?



Jumamosi iliyopita tulikuwa wengi mu oditwari ya chuo kikuu kimoja hapa Bukavu. Jina la chuo hatulitaji, kwani tulichokiona pale kinafanana na kile munachokiona kwenu. Wanafunzi wa zamani wa chuo hicho, wale tunaowaita bakubwa betu, walikuja pamoja na viongozi kutuzungumzia kazi, masomo na michezo. Mbele kulikuwa meza yenye kitambaa cheupe na chupa za maji. Sisi tulibanana nyuma, wenye diploma pamoja na wale wanaoitafuta bado, wengine wamesimama ku madirisha.

Tulisikiliza karibu saa tatu nzima. Mukubwa mumoja, leo ni mkurugenzi, alisema: «Batoto, muache kungojea serikali, mujiumbie kazi.» Mama mumoja mwenye biashara kubwa akasema diploma ni karatasi tu, ya maana ni akili. Depite akasema vijana wa leo wanapenda simu kuliko kitabu. Kiongozi wa michezo akasema mpira unalipa. Tukapiga makofi. Ndiyo, tulipiga makofi, hatutaficha.

Njo pale dada mumoja akaomba maikro. Amemaliza lisansi ya uchumi tangu miaka 2, na leo anauza yunite pembeni ya barabara kule Kadutu. Hakutukana mutu. Aliuliza tu: «Bazee betu, heshima kwenu. Kila mumoja atuambie, kazi yake ya kwanza kabisa aliipataje?»

Oditwari ikanyamaza. Kisha wakaanza kujibu, na tunawashukuru sana kwa sababu walijibu ukweli. Mkurugenzi alisema alikuwa hajamaliza hata kuandika memware yake wakati profesa wake alipomtuma ku kampuni moja ya serikali. Alifanya staji yenye kulipwa, na nyuma ya miezi 6 akatia sahihi ku mukataba. Depite alisema alikuwa na alama nzuri, chuo kikamubakisha kuwa asistanti, na mushahara ukaanza kuingia mwaka uleule. Mama alisema kaka yake mukubwa alimupa bidhaa za mukopo kutoka depo yake ya Uvira, akalipa alipokwisha kuuza. Kiongozi wa michezo alisema alikuwa golikipa wa kitivo chake, timu ya kampuni moja ikamuchukua, na kampuni ikamupa meza: asubuhi anaandika barua, jioni anafanya mazoezi. Wa mwisho alicheka kabla ya kujibu. «Mimi ni mujomba», akasema. Na sisi tukacheka.

Watu 5. Hakuna hata mumoja aliyejiumbia kazi yake ya kwanza. Kila mumoja alikuta mulango, na nyuma ya mulango kulikuwa mutu aliyeufungua: profesa, chuo, kaka, timu, mujomba. Hatusemi hawakufanya nguvu. Walifanya. Tunasema kwamba shauri waliyotupatia siyo ile njia waliyopita wao, na kama dada yule hangeuliza, tungerudi nyumbani tukifikiri kwamba sisi njo wavivu.

Tulipofika inje, mazungumzo yaliendelea mupaka giza. Mumoja wetu akakumbusha jambo ambalo wengi hatukufundishwa. Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954, chuo cha Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1956, na cha Kisangani mwaka 1963. Wakati wa uhuru, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakuweza hata kujaza darasa moja. Kwa hiyo nchi ilikuwa na njaa ya watu waliosoma: mutu alitoka masomoni na kazi ilikuwa imemungojea. Mwanafunzi alikuwa na bursi, chumba ku kampasi, na chakula ku restora ya chuo. Mukubwa anayesema leo «sisi tulisoma kwa shida» mara nyingi anasahau kusema kwamba alikula.

Na bursi ile haikuanguka kutoka mbinguni. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Kinshasa waliandamana kuomba bursi iongezwe na wao wapate sauti mu uongozi wa vyuo. Waaskari wakapiga risasi. Kuna wazazi ambao hata maiti ya mutoto wao hawakuiona. Miaka 2 nyuma, wanafunzi wa Lovanium walipotaka kuwakumbuka wenzao, wakaingizwa kwa nguvu mu jeshi, na mwaka uleule wa 1971 vyuo vyote 3 vikakusanywa kuwa kimoja, UNAZA, mupaka vilipotenganishwa tena mwaka 1981. Kwa hiyo tukisema bakubwa betu walipata, tuseme pia kwamba kuna waliolipa ili wapate. Na katika wale waliopata, kuna waliokuwa ku meza ya serikali wakati bursi ilipokufa. Pale hatukusikia neno.

Leo mambo iko namna gani? Munayajua, lakini tuyaandike. Mama anauza ndizi au makala ili kulipa minervali, tranche kwa tranche. Ukikosa tranche ya mwisho, jina lako halionekani ku liste ya mtihani. Unanunua silabusi. Asistanti anayekufundisha anaweza kuwa na miaka anafundisha bila mushahara wa serikali, kwa sababu hajamekanizwa, na mutu asiyelipwa atapata wapi nguvu ya kusoma kurasa 80 za memware yako? Sisi tuliomaliza na sistemu ya zamani tulifanya miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi. Tangu mwaka 2021-2022 wadogo zetu wako mu LMD: miaka 3 na lisansi imeisha. Ku karatasi ni vizuri. Lakini LMD inaomba maabara, maktaba, intaneti, na staji. Kwenye oditwari ile ya Jumamosi, maikro yenyewe ilikuwa ya kukodisha.

Kisha unatoka na toga, munapiga picha, munakula wali na nyama siku moja. Kesho yake unasoma tangazo la kazi: eksperiansi ya miaka 3, au 5, ku posti ya namna hiyo. Utaipata wapi eksperiansi kama kila mulango unaiomba kabla ya kukufungulia? Unaenda kufanya staji ya bure. Miezi 3 inakuwa 6, 6 inakuwa mwaka. Unafanya kazi ya mutu mwenye mukataba, unafunga ofisi jioni, na usafiri unaomba kwa mama yuleyule wa ndizi. Wenye kuweza kuvumilia ile ni wale ambao kwao kuna pesa. Mutoto wa Panzi au wa Bagira mwenye kushuka kwa miguu kila asubuhi atavumilia miezi mingapi?

Tuje ku michezo, kwa sababu pale njo tulikasirika kabisa.

Kiongozi alileta mipira 2 mipya, akapiga picha na kapiteni wa timu ya kitivo, akasema anataka kuona akina Mutombo wakitoka hapa. Dikembe Mutombo alitutoka tarehe 30 Septemba 2024, na tangu siku ile kila kiongozi anamutaja. Ni haki yake, ni mutoto wa Kinshasa aliyebeba jina la nchi. Lakini basi tusimulie historia yake yote. Alipofika chuo kikuu cha Georgetown, kule Washington, mwaka 1987, alikuwa na bursi ya masomo kutoka serikali ya Marekani na alitaka kuwa munganga. Mpira ulikuja nyuma. Mwaka wa kwanza hakucheza mechi ya chuo. Kocha wake, John Thompson, alikuwa anaweka mu ofisi mpira usio na upepo, ili kila muchezaji aone kwamba siku moja ule upepo utaisha na atabaki na kichwa chake. Wakati wa likizo Mutombo alifanya staji mu Bunge la Marekani na mu Benki ya Dunia. Mwaka 1991 alitoka pale na diploma ya isimu na diplomasia, na mwaka uleule akaingia NBA.

Munaona? Mutu wa mita 2 na sentimita 18, ambaye chuo kingeweza kumutumia kama ukuta wa kuzuia mipira na kumuacha, alipewa mulango wa ofisi pia. Na alipopata pesa alirudi Kinshasa kujenga hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2007. (Kule nako siyo paradiso. Mupaka mwaka 2021, wachezaji wa vyuo vya Marekani walikatazwa kupata hata dola moja juu ya jina lao, wakati vyuo vilikuwa vinakula pesa ya televisheni. Hatuombi kuiga kila kitu.)

Hata hapa kwetu mpira na shule vilikuwa ndugu. TP Mazembe, timu ile iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu mwaka 2010, ilizaliwa mwaka 1939 mikononi mwa wamisionari Wabenedikto waliokuwa na shule kule Lubumbashi. Walitafuta kitu cha kuwashugulisha wanafunzi.

Sasa chuo chetu cha Jumamosi. Kilikuwa na kiwanja. Bakubwa wote waliokaa mbele walicheza pale, mumoja alituonyesha hata kovu ku goti lake. Leo mu kiwanja kile kumeota nyumba za etaji. Ilikatwa ploti kwa ploti, na kila ploti iko na karatasi yenye sahihi na muhuri. Timu za vitivo zinacheza mahali pa kukodisha, kwa pesa ya kotizasio yetu. Mwaka jana golikipa wetu alivunjika mukono kwenye mechi ya vitivo. Hakukuwa munganga, hakukuwa hata bandeji. Tulipitisha kofia mu oditwari ili alipiwe hospitali, na kwa sababu ya deni akakosa tranche ya mwisho. Alirudilia mwaka. Timu ya basket ya wasichana yenyewe ilikufa kimya kimya, hakuna aliyeitangazia kifo.

Kwa hiyo mutuletee mipira 2, tutasema aksanti, tumelelewa vizuri. Lakini tutaicheza wapi?

Bakubwa betu, hatuombi pesa. Hatuombi pia mutuambie maneno ya kututia moyo, moyo tuko nao. Tunaomba mulango. Mu ofisi, mu depo na mu miradi munayoongoza, kila mumoja wenu aweke nafasi 2 za staji kwa mwaka, zenye usafiri na chakula cha mchana, na zibandikwe ku valvu ya chuo ili mutoto asiyekuwa na mujomba azione naye. Mwenye nafasi moja aweke moja. Munakutana kila mwaka, munakula pamoja, muko na grupe yenu ya WhatsApp: hakuna wa kutuambia kwamba hamuwezi kupatana.

Kwa uongozi wa chuo tunaomba kitu ambacho hakigharimu kitu: muandike, kila mwaka, wale waliomaliza wako wapi, nani yuko na kazi, kazi gani, nyuma ya miezi mingapi, kisha mubandike. Mutoto anayechagua kitivo ana haki ya kujua kabla mama yake hajauza ndizi za miaka 3. Na viongozi wenye kutusifia Mutombo waje na mafaili ya kiwanja. Sahihi ziko pale. Majina yako pale.

Na sisi wenyewe? Kuna kati yetu waliolipa mutu ili awaandikie memware. Kuna waliovaa tishati za wagombea mu uchaguzi wa Desemba 2023 kwa dola 5, na leo wanashangaa depite kuwasahau. Kuna wavulana waliocheka wakati timu ya wasichana iliomba saa moja ya uwanja. Hatuwezi kuuliza wengine maswali tukiwa tumejificha nyuma ya shomaji.

Bakubwa walisema watarudi mwezi wa Desemba kwa mukutano wa pili. Tutaenda, tutafika mapema, na safari hii hatutasimama ku madirisha. Kila mumoja aje na karatasi moja, hata ya daftari: umemaliza mwaka gani, kitivo gani, staji ulifanya miezi mingapi, ulipewa nini. Usiandike jina la ofisi kama unaogopa. Tutazisoma moja kwa moja, kwa sauti, mbele ya ile meza ya kitambaa cheupe, kisha dada yetu wa Kadutu atapewa tena maikro.

Karatasi ya kwanza tumekwisha kuijaza, ni ya mumoja wa sisi tunaoandika hapa. Lisansi, 2022. Staji, miezi 11. Mushahara, hakuna. Usafiri, hakuna. Barua ya kushukuru, iko, haina muhuri.