Nyanya Hakuwa Mweupe

Nina kesi na mchoro uliotundikwa sebuleni kwa shangazi. Tulichanga pesa wajukuu saba, tukampa kijana mmoja wa Nairobi picha ya marehemu nyanya, naye akatuahidi mchoro wa penseli, wa mkono. Kesho yake ukaletwa, fremu na kioo. Kesho yake! Watu wakatokwa na machozi. Mimi nikabaki kukodoa macho. Nyanya alikuwa mweusi ti, na weusi wake akijivunia. Kwenye ile karatasi ni mweupe pe. Miwani na leso vinaelea hewani.

Ujanja huo naujua, nami nimewahi kuufanya. Unafungua picha kwenye Photoshop, unaitoa rangi, unanakili tabaka lake, nakala unaigeuza iwe kama negativu. Halafu unavichanganya viwili hivyo kwa namna iitwayo doji, jina lililotoka chumba cha giza, ambako wapiga picha walikinga mwanga ili sehemu fulani ya karatasi isiwe nyeusi mno. Skrini yote inakuwa nyeupe. Sasa unaitia nakala ukungu wa Gauss, kidogo kidogo, na mistari inajitokeza kana kwamba kuna mtu anachora. Dakika mbili tu. Inapendeza kutazama, sikatai.

Lakini hesabu iliyo ndani ni ya kugawanya. Kila nukta inagawanywa kwa wastani wa majirani zake. Ikilingana nao, jibu ni moja, na moja hapo ni nyeupe. Ngozi iwe ya maziwa au ya makaa, mradi ni laini, inafutwa. Kinachobaki ni mipaka: ukingo wa jicho, pindo la leso. Programu haijui uso. Inajua tu pale mwanga unapobadilika ghafla.

Mchoraji wa penseli, yule anayeinamia karatasi wiki mbili na 2B yake, 4B, 6B, mistari huimaliza mapema. Kinachomla ni weusi. Anapaka, anasugua kwa tishu, anapaka tena, kisha anachomoa mwanga kwa ncha ya kifutio. Shavu la nyanya lingemchukua siku nzima, shavu lile lile ambalo programu iliona halina kitu. Na mtu huyu sasa anaambiwa na wateja, "Mbona mwenzako anamaliza kwa siku moja, tena kwa bei nusu?"

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na kompyuta. Uza hiyo kazi kwa jina lake na bei yake, nitanunua. Tena programu yenyewe ina dawa: ukirudisha picha ya asili juu na kuichanganya kwa kuzidisha, weusi unarudi. Hatua moja tu! Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana fundi hakuona kwamba kuna kitu kimepotea, na ndugu zangu sita, waliolelewa na yule mama, hawakuona pia. Shangazi alisema ametoka msafi.

Nikampigia kijana simu. "Si imetoka poa, boss?" Nikamwambia nataka weusi wa nyanya yangu. Akacheka, bila ubaya wowote, akasema tangu aanze kazi hii hajapata mteja aliyelalamika kwamba ametoka mweupe.