Kindu: maganda ya mihogo yavundikwe, mbuzi wapate chakula

Katika komini za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, maganda ya mihogo yanarundikwa nyuma ya nyumba mpaka yanaoza. Huku mbuzi wanaingia shamba la jirani, na ugomvi unafika kwa shefu wa mtaa. Kwa familia iliyokimbia vita, yenye mbuzi wawili na bila kipande cha shamba, faini moja inatosha kumaliza mifugo yote.

Ganda bichi, zaidi la mihogo michungu, lina sumu inayoweza kuua mbuzi. Kulianika kunapunguza sumu hiyo, lakini kwa mvua ya Kindu nani atakausha? Kuvundika hakungoji jua. Maganda yanaoshwa, yanakatwa vidogovidogo, yanaachwa siku moja chini ya paa yanyauke, kisha yanashindiliwa ndani ya mfuko wa plastiki usiotoboka. Hewa yote itoke, mdomo ufungwe kabisa, yakae majuma matatu. Yakinukia uchachu ni mazuri. Yenye ukungu yatupwe. Kabla ya kulisha yapigwe upepo kwanza, na mbuzi aanze na kidogo tu, pamoja na majani aliyozoea.

Akina mama hawataona ajabu. Mihogo ya bukari wanailoweka mpaka ichache tangu zamani.

Basi mashirika yanayogawa mbuzi kwa wakimbizi wa ndani yatoe na mifuko, yaonyeshe kazi hii siku ileile. Na mashefu, kabla ya kutoza faini, wamuulize mwenye mbuzi anakata majani wapi.