Tuwaache watoto waulize

Mhariri,

Nasomea ualimu, na katika mazoezi nilifundisha hisabati darasa la nne. Mtoto mmoja aliuliza: mbona 1/8 ni ndogo kuliko 1/4, na nane ni kubwa kuliko nne? Wenzake wakamcheka. Nikakata machungwa mawili mbele yao, moja vipande vinne, jingine vinane, kicheko kikaisha. Swali lile lilifundisha kuliko andalio langu zima.

Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ikuze akili ya kudadisi. Mbona basi bado tunawaitikisha watoto "Ndiyo, mwalimu" hata wasipoelewa, kwa hofu ya fimbo? Nikiajiriwa, fimbo haitaingia darasani kwangu (kanuni zinamruhusu mwalimu mkuu kuchapa, najua), na anayeuliza hataambiwa anapoteza vipindi.

Mwanachuo wa ualimu,
Morogoro