Mfadhili, Nunua Sabuni

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Tulikuwa tunaomba shilingi 60,000. Ukurasa wa tisa ukauliza mradi utaendelea vipi baada ya ufadhili kwisha. Nilicheka peke yangu, simu mkononi, chaji asilimia nane. Ufadhili wenyewe haujaanza, tayari naulizwa tutaishi vipi ukiisha.

Wacha nieleze tulichokuwa tunaomba. Mtaani kwetu hapa Malindi kuna chumba kimoja chenye mkeka, rafu mbili na vichezeo mia na ushei. Ni maktaba, ila badala ya kitabu mtoto anaazima kichezeo. Tunafungua Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi. Mzazi anaandikisha jina, mtoto anachagua gari la mbao, vibao vya kujengea au picha ya kuunganisha vipande, wiki ijayo anarudisha na kuchukua kingine. Tuko watu watano na hakuna anayelipwa. Mwenye ufunguo ni mama anayeuza mahamri alfajiri. Akiugua, maktaba inaugua.

Hesabu yetu ni rahisi hata kwa mtu kama mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili. Kodi ni shilingi 3,500 kwa mwezi, yaani 42,000 kwa mwaka. Zinabaki 18,000, ambazo ni 1,500 kwa mwezi: sabuni na jiki, kwa sababu kila kichezeo kinachorudi kimepitia mdomoni mwa mtu, gundi, uzi na misumari, daftari, na chai ya mwenye ufunguo. Hizo 60,000 ni mwaka mzima. Kuna warsha hapa Pwani ambazo pesa hiyo haimalizi chakula cha mchana.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Wangependa kutupa vichezeo vipya, bango, fulana na sherehe ya uzinduzi. Kodi hawalipi. Sabuni ni "gharama za uendeshaji", na hizo ni jukumu la jamii.

Sasa hapo ndipo ninapotaka tugombane.

Malindi na Watamu hazina njaa ya vichezeo vya bure. Kila msimu wa watalii unaleta masanduku yake. Watoto wa ufuoni wanajua kusema "ciao" kabla ya kujua kuandika majina yao, kwa sababu ciao huleta peremende, na siku njema huleta mwanasesere. Mgeni anapiga picha, anaondoka na roho nyeupe. Ijumaa gari limeng'oka gurudumu, betri zimekufa, na hakuna wa kulitengeneza. Jumatatu liko jaani. Zawadi ni tukio la dakika tano. Maktaba ni mtu anayefungua mlango Jumatano, na Jumatano ijayo, na nyingine, hata mvua ikinyesha. Vichezeo tunavyo. Tunachokosa ni hizo Jumatano, na hakuna anayetaka kuzinunua kwa sababu hazipendezi kwenye picha.

Swali la uendelevu linaulizwa kama kwamba mahali pengine maktaba za vichezeo zinajilisha zenyewe. Haya, tutazame. Maktaba ya vichezeo inayotajwa kuwa ya kwanza ilianza Los Angeles mwaka 1935, wakati uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka. Ipo hadi leo, na inaendeshwa na kaunti. Miaka tisini inategemea mfuko wa umma na haijaona haya. Kule Stockholm, mwaka 1963, wazazi wa watoto wenye ulemavu walianzisha ya kwao, na wazo likaenea nchi nzima. Kwa wenzetu, uendelevu maana yake ni kwamba serikali inashika mzigo. Kwetu, maana yake ni kwamba muuza mahamri atajua mwenyewe.

Na wala si lazima tuvuke bahari. Hapahapa Pwani, miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu walimwendea Aga Khan kuhusu elimu ya watoto wao. Likazaliwa jaribio la chekechea za madrasa Mombasa, likiongozwa na Bi Swafiya Said. Wanawake wa mitaani walifunzwa ualimu, vifaa vikatengenezwa kwa vitu vilivyopo. Mradi ulifika Zanzibar na Uganda. Ninaloupendea zaidi halihusu vifaa, linahusu pesa. Baadaye waliweka mfuko wa akiba kwa shule zilizohitimu: jamii inachanga, mfadhili anaongeza, pesa inawekezwa, faida inasaidia gharama za kila siku. Sisemi kila shule ilinyooka. Nasema kuna mtu aliyekaa chini akakubali kwamba mwalimu hula kila mwezi, si siku ya uzinduzi tu.

Halafu lilikuja somo la Januari 2025. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika yenye ofisi, magari na wataalamu wa ripoti yakafunga milango kwa wiki chache. Hao walikuwa na majibu mazuri sana ya ukurasa wa tisa. Hayakuwasaidia kitu. Kwa hivyo swali hilo lirudi kwa mwenyewe: mfadhili, wewe utaendelea vipi?

Najua pingamizi, nimelisikia mpaka kwa rafiki zangu: ukiwapa watu pesa ya matumizi bila masharti, italiwa. Tunajuana sisi Wakenya. Sawa, tunajuana. Lakini hebu tazama maktaba ya vichezeo inafanya nini. Picha ya tembo ina vipande 24. Inatoka na vipande 24, inarudi vinahesabiwa mkekani mbele ya mtoto. Kikikosekana kimoja, kinaandikwa, na safari ya kwenda kutafuta chini ya kitanda inaanza. Mama huyu anayehesabu vipande 24 kila Jumamosi, unadhani shilingi 3,500 zitampotea? Taarifa ya M-Pesa na daftari ndiyo ripoti yetu. Njoo usome. Usitulazimishe kuiandika upya kwa lugha ambayo mwenye ufunguo haisomi.

Na fomu hizo zinatufunza uongo, tuseme ukweli. Pale penye idadi ya wanufaika, chaguo dogo kabisa lilikuwa 500. Daftari letu lina watoto 43. Nilitia alama kwenye 500. Ndiyo, mimi. Nilijiambia kila mtoto ana ndugu, na ndugu wana marafiki. Mtoto wa 44 hadi wa 500 niliwazaa mimi usiku ule, kwa bando la shilingi ishirini. Nimeona aibu tangu siku hiyo, lakini aibu hiyo tugawane na aliyeona watoto 43 ni wachache mno kustahili sabuni.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya wafadhili. Kenya iliridhia mkataba wa haki za mtoto mwaka 1990, na kucheza kumo ndani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya chekechea, na maktaba pia. Maktaba ya vichezeo imeangukia hapo mara mbili. Hatuombi jengo wala jiwe la msingi lenye jina la mtu. Chumba kimoja kilicho wazi kwenye chekechea ya umma, jioni mbili kwa wiki, kingetuondolea kodi yote. Lakini kutoa ufunguo hakuna utepe wa kukata. Tulizoea harambee, mheshimiwa anashuka na bahasha, kipaza sauti kinatangaza kiasi. Julai 2024, baada ya maandamano ya Gen Z, Rais alisema maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Vizuri. Basi kile kilichokuwa kwenye bahasha kiwe kwenye bajeti, mahali ambapo hakuna wa kukipigia makofi.

Tulikutana mkekani kujadili jibu la yule mfadhili. Mimi nilitaka tukubali, angalau fulana. Mwenye ufunguo aliuliza swali moja: "Tukipokea hivyo vichezeo na mwezi ujao tumefukuzwa, tutaviweka wapi?" Tukakataa. Kura tatu kwa mbili, na mpaka leo kuna usiku najiuliza kama tulikosea.

Wazazi walipanga shilingi ishirini kwa mtoto kwa wiki. Asiyekuwa nayo anaosha vichezeo Jumamosi. Watu mkisikia hivi mtafurahi, mtasema ona, jamii inaweza. Pigeni hesabu kwanza. Watoto 43 wakilipa wote, na hawalipi wote, kwa wiki nne ni shilingi 3,440. Kodi ni 3,500. Tumepungukiwa kabla ya kununua kipande kimoja cha sabuni, na hii ni baada ya mitaa yenye kipato kidogo kabisa kutoa ilichonacho.

Kwa hiyo, mfadhili, kama una shilingi 60,000, usituletee kitu. Lipa mwaka mmoja wa chumba, kisha mwingine. Fomu iwe ukurasa mmoja, na Kiswahili kiruhusiwe. Uliza watoto wangapi, uamini ukiambiwa 43. Na wewe msomaji wa Nairobi au Mombasa unayekusanya wanasesere wa kutuletea Desemba: uza, kisha ulizia kwanza maktaba iliyo karibu nawe inadaiwa kodi ya miezi mingapi.

Sisi tunadaiwa miwili. Jumamosi tunafungua saa tatu.