Kabla ya kufomati, tuonyesheni nani anakula mashini

Leo nazungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo: kompyuta inatembea polepole, feni inalia kama mashini ya kusaga mahindi, na mwenyewe hajafungua kitu chochote. Hapa Kolwezi, Dilala hata Manika, jibu la haraka ni moja. Fundi anasema: tuifomati. Mimi nasema si hivyo kwanza.

Kufomati kunafuta vilivyomo. Sasa fikiria familia iliyoondolewa Kasulo mwaka 2017, au ile iliyobomolewa nyumba Cité Gécamines kwa sababu ya mgodi wa COMMUS. Picha za nyumba ilipokuwa bado imesimama, karatasi ya parseli iliyoskaniwa, barua zilizopelekwa komine: kama vyote viko kwenye kompyuta ya mtoto anayesoma, au kwenye ile ya sekretariati ya jirani, nusu saa ya fundi mwenye haraka inatosha kuvipoteza. Ukishapoteza, kuvirudisha ni bahati nasibu. Na utakapoitwa kueleza ulikuwa na vyumba vingapi, hakuna atakayesikiliza habari ya mashini iliyokuwa nzito.

Mara nyingi mashini yenyewe haina ugonjwa mkubwa. Ndani yake kuna prosesa, ndiyo ubongo unaofanya hesabu zote. Zaidi ya programu unazoziona, kuna nyingine nyingi zinazofanya kazi chini kwa chini: moja inapakua masasisho ya Windows, nyingine inatafuta virusi, nyingine inapanga orodha ya mafaili yako ili uyapate upesi. Zote zina haki ya kuwepo. Shida ni zinapokimbilia prosesa kwa wakati mmoja.

Na hapa kwetu SNEL inatusaidia kuleta shida hiyo. Mashini ikikaa siku mbili bila umeme, siku umeme unaporudi kila programu inataka kulipa deni lake: masasisho yaliyochelewa, ukaguzi wa virusi uliokatizwa, yote pamoja. Mwenye mashini anaiwasha, anaona imeganda, anaizima kwa nguvu. Akiiwasha tena, kazi ile ile inaanza upya. Iache nusu saa au hata saa moja ikiwa kwenye umeme. Mara nyingi inatulia yenyewe.

Isipotulia, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Utafunguka ukurasa ambao kwenye Windows zetu za Kifaransa unaitwa Gestionnaire des tâches. Bonyeza juu ya neno Processeur, na zile zinazokula zaidi zitapanda juu ya orodha. Mashini iliyokaa bila kazi inatakiwa kuonyesha asilimia chache tu. Ukiona jina moja limeshika 60 au 80 na halishuki, huyo ndiye wa kuulizwa. Lakini usiue jina usilolijua, maana mengine ndiyo yanayoshikilia Windows yenyewe. Kwenye sehemu ya Démarrage kuna orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na mashini, na huko unaweza kuzima zile ambazo hukuziomba. Utaokoa hata mega zako, kwa sababu nyingi kati ya hizo zinakula intaneti pia.

Kuna mgeni mmoja ambaye sisi wa Kolwezi tunapaswa kumwelewa kuliko watu wote. Ni programu ya wizi inayochimba pesa za mtandao kwa prosesa yako. Mtu aliye mbali anachimba, wewe unalipa umeme, unaunguza mashini, na yeye ndiye anayeuza. (Sina haja ya kueleza zaidi, mnaishi Lualaba.) Mara nyingi inaingia pamoja na programu za kuiba, zile wanazokuwekea bila leseni ili usilipe. Baadhi yake ni janja: ukifungua ukurasa ule wa kuangalia, inanyamaza, na ukiufunga inaendelea. Dalili yake ni feni inayolia wakati hufanyi lolote, kisha kimya mara tu unapoanza kuchunguza. Hapo kweli utahitaji fundi, na pengine kufomati, lakini baada ya kuhamisha dosie zako.

Kabla ya kuilaumu Windows, fungua pia mfuniko ufagie vumbi. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za malori linaziba feni, prosesa inapata joto, na ikipata joto inapunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Hapo fundi anaweza kufomati mara tatu, na mashini itabaki nzito vile vile.

Siwachukii mafundi. Najua mteja anakubali kulipa akiambiwa "nimefomati", lakini akiambiwa "nimeangalia saa moja, nimezima programu tatu" anaona ameibiwa franga zake. Kosa hilo ni letu sisi wateja. Tulipe kazi ya kuangalia. Na fundi naye ageuze kioo upande wa mteja, amwonyeshe jina linalokula prosesa, halafu aulize kwa mdomo wake: mama, mafaili yako umeyatoa? Sekretariati zinazopokea karatasi za watu waliohamishwa zingefaa kuandika swali hilo mlangoni.

Jumamosi hii, umeme ukiwepo, nunueni flashi mbili. Nakilini picha na karatasi za parseli kwenye zote, moja ibaki nyumbani, nyingine mpeni ndugu anayekaa kartie nyingine. Baada ya hapo mpelekeeni fundi mashini.