Santuri zaweza kukatwa Kamembe, lakini hesabu itangulie

WAHENGA walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hapa Rusizi, ambako wengi bado tunakuita Cyangugu, methali hiyo haihitaji mkalimani. Wapo waliorejea kutoka Bukavu na Uvira, wapo waliotoka Bujumbura na Kigoma, na wapo waliotoka Brussels na Montreal. Kila mmoja karejea na chake: huyu cherehani, yule mashine ya kusaga, mwingine kompyuta.

Huko Ulaya na Amerika, siku hizi wapo watu wanaofufua mashine za zamani za kukata santuri nyumbani. Si ajabu siku moja mashine ya namna hiyo ikashushwa kwenye lori Kamembe, imefungwa kwa blanketi, na mwenyewe akitangaza kwamba ataanza kurekodi wasanii wetu. Je, tumcheke au tumpongeze?

Kwa mtazamo wangu, tumpongeze, ila tumwulize kwanza maswali ambayo mfanyabiashara yeyote wa mpakani angeuliza kabla ya kutoa mtaji wake.

Kwanza tuelewane mashine yenyewe ni nini. Ni meza nzito inayozungusha sahani tupu. Juu yake kuna kichwa chenye sindano kali, na parafujo ndefu inayokisogeza kichwa hicho polepole kutoka ukingoni kwenda katikati. Sauti inaingia kama umeme, inatikisa sindano, na sindano inachonga mfereji mwembamba. Wimbo wa dakika nne unakatwa kwa dakika nne, sahani moja moja. Mashine za Presto za New York zilitumiwa na vituo vya redio tangu miaka ya 1930, na Wilcox-Gay nao walitengeneza ndogo za nyumbani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Kimarekani walituma barua za sauti kwa mama zao kwenye visahani vya aina hiyo.

Faida yake kwetu ni nini? Tazama historia. Mwaka 1928, Siti binti Saad wa Unguja alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, yaani Likasi ya leo, na santuri zake zikatolewa na kampuni ya Afrika Kusini. Mwaka huohuo Tracey alirekodi ngoma za kifalme hapa Rwanda, na rekodi hizo ziko katika hifadhi aliyoianzisha, ambayo leo iko Afrika Kusini. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, nalo limehifadhi rekodi nyingi za muziki wa Rwanda. Hatuna budi kuwashukuru walioziweka. Hata hivyo, ni ukweli usiopingika kwamba kwa miaka mingi sauti ilitoka hapa, ikakatwa kwingine, na anayetaka kuisikia akaomba ruhusa mbali.

Mashine moja katika chumba kimoja cha Kamembe haiwezi kugeuza historia hiyo. Inaweza kufanya jambo dogo lenye maana: mama aliyeimba arusini akaondoka na sauti yake mkononi siku ileile.

Sasa tuje kwenye hesabu. La kwanza ni umeme. Mashine nyingi za Kimarekani zilitengenezwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Fundi wa mtaani atakuuzia transfoma na kukuambia mambo yamekwisha. La hasha! Transfoma inashusha volti, haibadilishi mizunguko. Mota itazunguka pungufu kwa sehemu moja katika sita: badala ya mizunguko 78 kwa dakika utapata 65, na badala ya 33 utapata kama 28. Ukikata hivyo, kisha santuri ikachezwa kwa kasi sahihi, mzee wa miaka 70 atasikika kama mtoto wa shule. Kinachotakiwa ni kifaa cha kugeuza mizunguko ya umeme, au kubadilisha mota au puli yake. Anayenunua mashine Ubelgiji anaepuka tatizo hili, maana umeme wa huko una mizunguko 50 kama wetu. Tena umeme ukikatika katikati ya wimbo, sahani hiyo imekufa. Haifutiki ikaandikwa upya.

La pili ni sahani tupu. Za jadi ni bamba la alumini lililopakwa laka, aina ya vanishi laini. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters huko California kiliungua, na wakati ule dunia nzima ikabaki ikitegemea kiwanda kimoja cha Japani. Muuza mchele wa Bugarama anaelewa maana yake: usifungue duka la bidhaa yenye mlango mmoja. Ndiyo maana wakataji wengi wa nyumbani hutumia sahani za plastiki ngumu, ambazo pia hustahimili kuchezwa mara nyingi kuliko laka. Lakini plastiki hiyo inataka sindano ya almasi au ya madini magumu, si ya chuma cha kawaida. Basi kabla hujalipia mashine, ulizia sahani na sindano: zinatoka wapi, zinafika kwa muda gani, na ushuru wake ni kiasi gani.

La tatu ni usalama. Uzi unaotoka kwenye laka wakati wa kukata hushika moto haraka sana. Chumba cha kukatia si mahali pa sigara wala jiko la makaa. Uzi ufyonzwe au ufagiliwe, uwekwe ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko, na utolewe nje kila siku.

La nne ni muda. Tuseme harusi imeagiza santuri kumi za inchi 7, kila upande dakika nne. Hizo ni dakika 80 za kukata tu, bila kuhesabu majaribio, sahani zitakazoharibika na kuandika lebo. Hivyo bei haiwezi kuwa ya CD ya sokoni. Mwenye mashine asijifanye kiwanda.

Najua wapo watakaosema simu inarekodi bure, na kwamba wenye vinanda vya santuri hapa kwetu wanahesabika. Ni kweli. Lakini simu huibiwa, huanguka ziwani, hubadilishwa, na sauti ya bibi hupotea nayo. Nakala ya simu iwepo, na ya kompyuta pia. Santuri iwe ile inayotunzwa kabatini na kupelekwa zawadi. Soko lake ni ndugu walio Brussels au Montreal, wanaokuja likizo na wangefurahi kurudi na sauti ya mama yao. Wanaoijua njia ya mpaka na mizigo ni nyinyi wafanyabiashara.

Jambo la mwisho ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila santuri iandikwe jina la aliyeimba, mahali, tarehe na lugha. Aliyeimba apewe nakala yake, na kama itauzwa, makubaliano yaandikwe kabla sindano haijagusa sahani. Wimbo wa msanii mwingine usikatwe bila idhini yake. Haki ya mtunzi inalindwa na sheria. Tukilalamika kwamba sauti za wazee wetu ziliondoka bila wenyewe kunufaika, tusije tukafanya yaleyale sisi kwa sisi.

Ushauri wangu kwa anayerejea ni huu: usiuze kiwanja wala usimalize akiba ya ugenini kwa ajili ya mashine. Anza na kipaza sauti kizuri na kompyuta, rekodi wazee kumi, andika daftari. Wakati huohuo jifunze kukata kwa mtu mwenye mashine huko uliko, uharibu sahani zake kwa malipo. Ukiona watu wanaziulizia sauti hizo, ndipo ulete mashine, kwa hati kamili za forodha, si kwa kuigawa vipande na kuwabebesha akina mama wa sambaza ili ukwepe ushuru.

Mashine inaweza kusubiri mwaka mmoja au miwili. Wazee wanaozijua nyimbo za Cyangugu hawana muda huo.